Mama Aliyeanika Vitabu Juani

Ukifika mlangoni kwake, kitu cha kwanza alichokitaka ni mikono yako. Hakuuliza jina lako wala ulikotoka. "Lete," alisema, nawe ulinyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama mtu anayepokea chakula, akaikagua mpaka kwenye kucha. Akiona samli au udongo mwekundu tuliojipaka enzi zile, alikuonyesha mtungi wa maji na kitambaa. Wazee wengine waliona ni dharau. Mmoja alimwambia mbele yetu, "Mimi nimeshikana mkono na mkubwa wa boma, hakuniambia ninawe."

"Mkubwa wa boma hana kitabu cha kukupa, baba," akajibu. "Nawa."

Mzee akanawa.

Tulimwita Mtunza. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na kanisani lilisomwa, lakini mwenyewe alisema jina lile alipewa na watu waliokuwa na haraka, basi nami nitaliacha. Ukoo wake haukujulikana. Alitekwa akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni, akalelewa pwani na wamisheni, akaja bara akiwa mke wa mwalimu wa dini. Mwalimu alikufa kwa homa kabla hawajapata mtoto. Padri akamkabidhi mjane chumba cha vitabu, labda kwa huruma tu, apate pa kushinda. Hakujua anamkabidhi nani.

Hizo zilikuwa enzi za Wajerumani, ambao sisi tuliwaita Wadachi. Reli ilikuwa imekwisha fika Dodoma. Kituo chetu cha misheni kilikuwa upande wa Makutupora, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka stesheni, na mapadri wake walikuwa Waingereza waliokuja kabla bendera ya Wadachi haijapandishwa. Siku za amani jambo hilo halikumsumbua mtu. Mzungu alikuwa Mzungu.

Chumba chenyewe kilikuwa ghala la mtama hapo zamani, na siku za joto ukuta bado ulitoa harufu ya pumba. Kilikuwa na dirisha moja lenye wavu, meza moja, mabenchi mawili, na rafu nne zilizotengenezwa kwa mbao za makasha yaliyokuja na meli. Miguu ya rafu ilisimama ndani ya makopo ya majivu ili mchwa wasipande. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, Mtunza alipiga magoti akachungulia makopo yale moja moja, kama mtu anayekagua mitego. Vitabu havikufika mia tatu. Vingi vilikuwa vya dini na vya nyimbo, kwa Kiswahili na kwa Kigogo. Vilikuwepo vya hesabu, vichache vya Kijerumani ambavyo boma liliagiza vifundishwe, na rafu ya juu kabisa ilikuwa ya Padri, vitabu vya Kiingereza ambavyo hakuna kati yetu aliyevisoma. Magazeti ya pwani yalikuja kwa treni, yamechelewa wiki tatu au nne. Mtunza hakujali. "Habari haiozi," alisema. "Kinachooza ni samaki."

Alikuwa na maneno yake ya namna hiyo, na mengi aliyasema kwa hasira. Kitabu kwake kilikuwa mkwe. "Unamlalia mkwe wako? Unamkunja masikio?" alimuuliza mtu aliyekunja pembe ya ukurasa. Ukikosea kusoma neno, hakukusahihisha. Alinyamaza tu akakutazama mpaka ukarudi mwenyewe mwanzo wa mstari. Kuna watu wazima waliotokwa na jasho zaidi chini ya macho yale kuliko shambani.

Padri alitaka kimya. Kwao, alisema, watu husoma midomo imefungwa. Aliandika hata tangazo, akalibandika ukutani. Mtunza alilisoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha akamgeukia Padri. "Bwana, mtu asiposikia anachosoma, atajuaje kama amesoma?" Padri alicheka akaondoka, na tangazo likabaki ukutani bila kazi. Kwa hiyo chumba kile kilivuma. Watu saba, wanane, kila mmoja na ukurasa wake, kila mmoja na sauti yake ya chini, huyu anahesabu, yule yuko kwenye Zaburi. Ukipita nje ulidhani kuna mzinga wa nyuki. Hata leo nikisoma peke yangu naona kama nimekosa wenzangu.

Alikuwa Mkristo mkali. Hakunywa pombe, hakutazama ngoma, na Jumapili hakuwasha moto mpaka ibada iishe. Lakini kulikuwa na mfanyabiashara Mrangi kutoka Kondoa, Mwislamu, aliyepita kila baada ya miezi kadhaa na punda wake wa tumbaku. Mrangi yule alisoma kwa herufi za Kiarabu, na alibeba kitabu chake kimefungwa kwa vitambaa vitatu. Mara ya kwanza alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Naweza kukaa humu nikasoma changu?" aliuliza.

"Mikono," alisema Mtunza.

Alinyoosha. Ilikuwa safi kuliko ya sisi sote, maana alikuwa ametoka kutawadha. Mtunza akampa nafasi karibu na dirisha. Tangu siku hiyo, kwenye rafu ya tatu, aliacha pengo la upana wa kitabu kimoja. Mrangi akiwapo, kitabu chake kilikaa pale wakati wa chakula. Akiondoka, pengo lilibaki pengo. Mwalimu mmoja wa misheni alipolalamika, Mtunza alimwambia, "Vumbi linapoingia haliulizi hiki cha nani. Mimi ninayefuta nami siulizi."

Tabia yake nyingine ya kinyume ilituchekesha. Ugogo ni nchi ya kuomba mvua. Wingu likionekana, watu hutoka nje na watoto mgongoni. Mtunza peke yake alinung'unika. Paa la udongo la tembe lile lilivuja, na tone moja lilitosha kubandika kurasa kumi. Nchi nzima iliomba mvua ije, yeye aliomba isubiri mpaka amalize kufunika rafu kwa ngozi. Kisha mvua ikipiga, niliwahi kumwona amesimama uani katikati yake, analia kwa furaha kama sisi wengine.

Baada ya kila masika alivitoa vitabu vyote juani. Alitandika mikeka uani, akavipanga wima, vimefunguka kidogo, kurasa zikipepea, naye akatembea katikati yake na ufagio wa kuwafukuzia kuku. Wanawake waliokwenda kisimani walisimama kutazama. Mmoja wao nilikuwa mimi.

Sikwenda kwake kwa kupenda kusoma. Nilikuwa mke kijana, mume wangu akifanya kazi ya reli upande wa magharibi, na barua yake ilikuwa imenifikia. Nilitaka mtu anisomee. Mtunza aliichukua, akaitazama juu mpaka chini, akanirudishia.

"Mumeo ameandika mambo mazuri," alisema.

"Yapi, mama?"

"Yamo humo. Njoo kesho, tuanze na herufi ya kwanza."

Nilimchukia siku ile. Nilirudi nyumbani nikilia, barua mkononi, na kesho yake nilikuwa mlangoni kabla hajamaliza kukagua makopo yake. Miezi mitano nilikwenda kila siku niliyoweza kuiba saa mbili shambani. Siku niliyoweza kuisoma barua yenyewe, mwanzo mpaka mwisho, niliona mume wangu ameniuliza habari za ng'ombe na za goti la mama yake, basi. Nilimtazama Mtunza. "Ulisema mambo mazuri."

"Amekuuliza ng'ombe na mama," alisema. "Ulitaka nini tena?" Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akicheka mpaka akaegemea ukuta.

Safari moja tulikwenda pamoja Dodoma kupokea kasha la vitabu lililokuja kwa treni. Tulipokuwa tunasubiri, alisikia kwamba Wazungu wa reli wana nyumba yao ya mapumziko, na ndani yake kuna chumba cha kusomea. Hakutulia tena. Tulizunguka nyuma, akazungumza na mpishi, mtu wa pwani kama yeye, mpaka mpishi akakubali tuingie wakati mabwana wamelala mchana. Yeye alivua viatu akavishika mkononi; mimi sikuwa navyo.

Chumba kilikuwa kikubwa kuliko kanisa letu. Viti vya ngozi, zulia, saa ya ukutani, na makabati ya vioo toka sakafuni mpaka darini, yamejaa vitabu vyenye migongo ya dhahabu. Mtunza alitembea polepole mbele ya makabati, mikono nyuma, akiinama kutazama kila rafu. Alinusa. Aligusa kufuli moja kwa ncha ya kidole. Kisha akatoka.

Tulirudi na kasha letu, tukapita kijiji cha Kizota. "Umeona makufuli?" aliniuliza.

"Nimeona, mama."

"Yana kutu." Alitembea hatua nyingi. "Vyote vile, mwanangu. Hakuna anayevisoma." Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta. Nilidhani ni wivu. Sasa sidhani hivyo.

Vita ilipoanza kati ya Wadachi na Waingereza, tuliona kwanza kwa treni: zilipita zimejaa askari. Kisha mapadri wetu walichukuliwa. Padri alipewa muda wa kufunga sanduku moja. Alimwachia Mtunza ufunguo, akamwambia afunge chumba na akae nyumbani kwake. Mtunza aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, na kesho yake akafungua mlango saa ileile.

Lakini hakuwa mjinga. Boma lilikuwa limetangaza kwamba watu wa misheni ya Waingereza wanatiliwa shaka. Walimu wawili wa kituo cha mbali walikuwa wamefungwa minyororo, wakidaiwa kupeleka habari kwa adui. Mtunza akaweka sheria mpya: hakuna kitabu kitakacholala nje. Soma, rudisha, nenda. Na kila aliyeingia aliandikwa kwenye daftari kama siku zote, jina lake, kitabu chake na siku. Tulimsihi aache kuandika. Alikataa. Alisema mtu aliyesoma kitabu amefanya jambo, na jambo huandikwa.

Wakati huo nikapata habari kwamba mume wangu atapewa siku chache za kuja nyumbani. Nilitaka anikute ninasoma. Si barua yake, aliijua. Nilitaka kitabu, kizuri, chenye picha. Rafu ya juu kilikuwepo kimoja cha ndege, kila ndege na rangi zake na jina lake chini. Nilimwomba Mtunza. Akakataa. Nikaomba siku ya pili, ya tatu. Siku ya nne alikiteremsha mwenyewe, akakifunga ndani ya kanga yake, akaniambia, "Siku tatu. Na usimwonyeshe mtu ila mumeo."

Nilijua kilikuwa cha Kiingereza. Yeye alijua zaidi.

Mume wangu hakuja siku aliyosema. Walikuja askari, watu sita na mkubwa wao ambaye wenzake walimwita efendi, kutafuta nafaka ya jeshi. Walipekua tembe zote za kitongoji chetu. Katika dari ya nyumba yangu, chini ya vibuyu vya mbegu, wakakuta kanga, na ndani ya kanga kitabu.

Efendi hakujua kusoma, lakini mmoja wa askari wake alikuwa amekaa na Wazungu, akaitambua lugha kwa sura ya maandishi, ingawa naye hakujua kusoma. Waliniketisha chini uani.

"Nani amekupa kitabu cha adui?"

Sikumtaja. Efendi hakunipiga, afadhali angenipiga. Aliuliza watu mume wangu yuko wapi. Wakamwambia, yuko reli. "Reli," alisema. "Mtu mwenye mke anayeficha vitabu vya Waingereza anashika reli yetu?" Akamwambia askari aandike hilo akilini, walifikishe boma.

Hapo nikasema. Nikasema ni Mtunza wa misheni. Na hili ndilo nimelibeba miaka yote: nilikuwa nimekwisha mtaja, na hakuna aliyeniuliza lingine, efendi alikuwa amegeuka aende zake, mimi nikaongeza, "Analo daftari. Majina ya wote wanaosoma yamo." Sijui kwa nini nilisema. Nadhani nilitaka tuwe wengi.

Asubuhi yake walinichukua nikawaonyeshe njia. Masika yalikuwa yamekwisha, na tulipofika kituoni mikeka ilikuwa imetandikwa uani. Vitabu vyote vilikuwa juani. Mtunza alisimama katikati na ufagio wake. Alinitazama mimi, akawatazama askari, akaona kanga yake mkononi mwa efendi. Hakushtuka. Aliweka ufagio chini taratibu.

"Wewe ndiye unayetunza vitabu?"

"Ndimi, bwana."

"Liko wapi daftari la majina?"

"Padri alikwenda nalo."

Lilikuwa pale mkekani, hatua tatu kutoka mguuni kwake, linaanikwa pamoja na vitabu. Mimi nililiona. Efendi akaokota kitabu kimoja akamwekea mbele ya uso. "Hiki kinasema nini?"

Mtunza alikipokea. Mama yule, aliyewatoa jasho watu wazima kwa neno moja lililokosewa, alikigeuza juu chini, akakitazama hivyo kilivyopinduka, akasema, "Sijui, bwana. Mimi herufi sizijui. Naanika tu, kama ninavyoanika mtama."

Askari wakacheka. Mmoja akamgeuza kichwa kwa mkono ili aendane na kitabu, wakacheka zaidi. Watu wa kituoni walikuwa wamejikusanya kando ya ukuta, wengine ni wasomaji wake, na wote walimsikia. Efendi akanigeukia mimi. "Wewe unajua kusoma. Litafute hilo daftari."

Kabla sijafungua kinywa Mtunza akasema, kwa dharau, "Huyo? Huyo naye hajui. Aliniomba picha za ndege, nikampa. Ni mtu wa picha."

Efendi alitutazama wanawake wawili wajinga, akachoka. Hakuwa na wachukuzi wa kubeba vitabu vile mpaka boma. Akaamuru vichomwe vyote palepale, na yeye Mtunza avichome kwa mkono wake, ili watu waone. Wakamletea kijinga cha moto kutoka jikoni. Mtunza aliinama, akaokota daftari, akalichana katikati, akaliweka mahali pa kuwashia, akalitia moto kwanza. Kwa efendi lilikuwa karatasi kama karatasi nyingine. Majina zaidi ya sitini yaliungua, langu likiwamo.

Kisha akaendelea. Alivileta kimoja kimoja, akivishika kwa mikono miwili, hakuvitupa. Ilichukua mpaka jua la utosi. Hakulia. Alipomaliza walimchukua.

Hakuna msomaji hata mmoja aliyekamatwa kituoni kwetu. Lakini watu walikuwa wameona kwa macho yao. Walisema Mtunza amekana, amechoma hata Injili, amejitia ujinga ili ajiokoe. Kanisani, mwalimu aliyebaki aliombea "waliotikiswa na hofu", na wote walijua nani. Ningeweza kusimama. Neno moja lingetosha: tazameni nani hakufungwa. Lakini baada ya hapo wangeniuliza askari walijuaje njia. Nilikaa kimya. Mume wangu alipokuja hatimaye, siku mbili tu, aliniuliza kama nimejifunza lolote alipokuwa hayupo. Nikasema hapana.

Nilimwona mara moja tena. Ilikuwa miezi michache kabla Wadachi hawajaiacha Dodoma. Mji ulikuwa umejaa wapagazi na farasi wagonjwa, na nyuma ya stesheni kulikuwa na kambi ambako wanawake walisaga mtama wa askari. Nilikuwa nimekwenda kumtafuta mume wangu, aliyepelekwa kubeba mizigo ya jeshi. Sikumpata. Nilipokuwa napita kando ya mawe ya kusagia nikasikia kikohozi, nikageuka.

Alikuwa amekonda, nywele nyeupe kwa unga au kwa umri, sikujua. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliendelea kusaga. Baadaye akainua macho. "Ni wewe. Makutupora mmepata mvua?"

"Kidogo, mama. Uwele umetoa masuke."

"Na mumeo?"

"Simwoni."

Aliacha jiwe. Alinishika mkono. Nilikuwa nimembebea mume wangu mlenda mkavu na karanga kidogo, nikampa yeye. Alizipokea, akawagawia wanawake waliokuwa karibu, akabakiza chache kwenye pindo la nguo. Msimamizi alikuwa upande wa pili wa kambi. Nikaona ndiyo nafasi yangu, labda ya mwisho. Niliinama mpaka paji langu likagusa goti lake.

"Mama, siku ile walipokuja... nina neno la kukwambia."

"Najua neno lako."

"Niache niliseme."

"Usiliseme." Hakuwa na hasira. Alikohoa muda mrefu, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Ukilisema itanibidi nikusamehe, mwanangu. Na leo nimechoka. Njoo siku nyingine."

Akashika jiwe lake.

Nilikwenda siku nyingine. Ilikuwa baada ya mwezi, kwa sababu ya mavuno na mama mkwe aliyekuwa anaumwa, na kwa sababu niliogopa. Kwenye jiwe lake alikuwa amekaa msichana kutoka Ipagala, mpya, mikono bado haijaota sugu. Nilimuuliza habari za mama aliyekuwa pale kabla yake. Alisema alipoletwa alilikuta jiwe tupu, na hakuna aliyemwambia lilikuwa la nani.